Butembo na Beni: Ujumbe elfu moja wa mashine hauleti mnunuzi mmoja wa kakao

Kuna swali linalowahusu wauzaji wa kakao, kahawa na vanila wa Butembo na Beni, hasa vijana waliosoma wanaotaka kuuza nje ya nchi bila kupitia mikono mingi: je, ni vema kuiachia programu ya kompyuta kazi ya kuwaandikia wanunuzi wa ng'ambo kwenye LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na biashara? Jibu fupi ni hapana. Kijana wa Kivu ya Kaskazini ana haki kamili ya kubisha hodi Ulaya au Marekani. Tatizo ni kwamba programu hiyo inatumia mali isiyo yake peke yake: jina la mji na la mazao yake.

Haja ya kutafuta mnunuzi ni ya kweli, na haifai kuchekwa. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, uwanja wa ndege wa huko ulifungwa na biro za jimbo zikahamia Beni. Karibu kila kitu kinapitia Kasindi, kuelekea Uganda. Viza ya Ulaya ni safari ndefu ya makaratasi, na tikiti ya ndege ni ghali. Maonyesho ya biashara ya Amsterdam au Paris, ambako watu wa kakao na chokoleti hukutana, ni ya wenye uwezo. Kijana mwenye magunia yake Mutwanga au Mangina ana simu, ana mega, na ana hamu ya kufanya kazi.

Tena mnunuzi wa moja kwa moja ana maana kubwa huku. Sehemu ya kakao ya eneo la Beni huvuka mpaka kwa magendo na kuuzwa kama mazao ya Uganda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika jambo hilo katika ripoti zao. Mkulima anayeenda shambani huku akihofia ADF, kundi linalohusishwa na mauaji ya raia Beni tangu mwaka 2014, anauza kwa bei anayoambiwa na mtu wa katikati. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024, tani moja ya kakao ilipita dola 12.000 kwenye soko la New York, kisha mwaka 2025 bei ikashuka sana. Anayejua mnunuzi wake na anayezungumza naye moja kwa moja hupata habari hizo mapema. Asiyemjua huzipata kwa kuchelewa, mara nyingi kutoka kwa mtu ambaye faida yake ni kuzificha.

Namna programu zinavyofanya kazi

LinkedIn ilifunguliwa mwaka 2003, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa zaidi ya dola miliyari 26, na mwaka 2023 ilitangaza kwamba wanachama wake wamepita miliyari moja. Humo ndani mtu huandika jina lake, kampuni yake na kazi anayofanya. Kwa anayetafuta wateja, hiyo ni kama daftari kubwa la anwani lililoachwa wazi mezani.

Programu za kutuma ujumbe zenyewe zimejengwa juu ya daftari hilo. Zinakodishwa kwa mwezi, kwa makumi ya dola, na mtu wa Butembo anaweza kuzikodi sawa na mtu wa Paris. Mwenye akaunti anachagua: watu wenye kazi ya kununua kakao, walioko Ubelgiji, Uholanzi na Uswisi. Anaandika ujumbe mmoja wenye nafasi mbili tupu, moja ya jina la mtu na nyingine ya jina la kampuni. Kisha analala. Programu inafungua kurasa za watu hao, inawaomba urafiki, na anayekubali anapata ujumbe wa kwanza. Asipojibu, baada ya siku tatu anapata wa pili, na baada ya wiki wa tatu. Siku hizi programu nyingine zinatumia akili bandia kubadilisha maneno kidogo ili kila ujumbe uonekane kama umeandikwa kwa mkono.

Wanaozitetea wana hoja inayosikika. Wanasema muuzaji mkubwa ana mwakilishi Antwerp na ana wanasheria, lakini mdogo hana kitu. Mashine inampa mdogo mikono mia. Kati ya watu elfu moja, wakijibu kumi na akinunua mmoja, kodi ya programu imerudi mara nyingi. Hesabu hiyo inapendeza, lakini imetolewa kwenye biashara nyingine na kuletwa kwenye kakao, na huku haifanyi kazi.

Soko lenyewe ni dogo

Anayeuza programu za kompyuta au bima anaweza kuwa na wateja milioni. Akiwakera elfu moja, wamebaki wengine wengi. Kakao ni kinyume. Sehemu kubwa ya kakao ya dunia inasagwa na kampuni chache: Barry Callebaut, Cargill, ofi ambayo ni tawi la Olam, na nyingine za kuhesabika. Pembeni yao kuna watengenezaji wadogo wa chokoleti bora, wale wanaolipa zaidi kwa sababu wanataka kujua kakao imetoka kilima gani. Nao si wengi, na wanajuana. Wanakutana kwenye maonyesho yaleyale, wanasoma habari zilezile, wanaulizana: "Na wewe umeandikiwa na huyu?"

Hapo ndipo ujumbe elfu moja unageuka kuwa hasara. Programu ikipita kwa wote katika wiki chache, imemaliza soko lote. Hakuna soko lingine la kuanza upya. Aliyeufuta ujumbe mara moja hataufungua wa mwaka ujao, hata kama safari hii umeandikwa na mtu, hata kama gunia ni zuri kabisa. Na hafuti jina la mtumaji peke yake. Kichwani mwake anaandika: "Kakao ya Congo, watu wa usumbufu." Kijana mwingine wa Oicha, ambaye hajawahi kukodi programu yoyote, atakuta mlango umefungwa na hatajua nani aliufunga.

Kuna jambo baya zaidi. Kwa miaka mingi watu wa ng'ambo wamekuwa wakipokea barua za matapeli wanaodai kuwa na dhahabu ya Congo. Kesi za dhahabu bandia mjini Kampala na Nairobi zimeandikwa sana magazetini. Barua hizo zina sura moja: salamu nzuri, jina la mpokeaji, ahadi kubwa, haraka, na hakuna kitu cha kuthibitisha. Ujumbe wa programu una sura hiyohiyo. Mnunuzi wa Brussels hana namna ya kutofautisha kijana mwaminifu wa Butembo na tapeli, kwa sababu mashine imewavika wote nguo moja.

Na raia wa Butembo na Beni wanalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Ni nani huku asiyepata ujumbe kwamba pesa zimeingia kimakosa kwenye simu yake na azirudishe? Ni nani asiyeingizwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu asiyemjua, akatangaziwa dawa, mikopo na viwanja? Wengi wanafuta bila kusoma, na wanafanya vizuri. Basi mtu anayefuta ujumbe wa mgeni asubuhi hawezi kushangaa jioni kwamba mgeni wa Uswisi amefuta wa kwake.

Sheria haiko upande wa mashine

LinkedIn yenyewe inakataza. Mapatano ambayo kila mwanachama anayakubali anapofungua akaunti yanasema wazi kwamba hairuhusiwi kutumia roboti au programu nyingine kutuma ujumbe, kuomba urafiki au kuchota taarifa za watu. Tangu mwaka 2021 mtandao huo umebana pia idadi ya maombi ambayo mtu anaweza kutuma kwa wiki. Akaunti inayobofya haraka kuliko mkono wa binadamu huonekana, hupewa onyo, kisha hufungwa. Kampuni ya Marekani iitwayo hiQ Labs, iliyokuwa ikichota taarifa za wanachama, iligombana na LinkedIn mahakamani kuanzia 2017, na mwaka 2022 kesi ikaisha kwa hiQ kukubali hukumu ya dola 500.000. Ikiwa kampuni yenye wanasheria wake imeshindwa, muuzaji wa Beni atamlalamikia nani akifungiwa akaunti yenye mazungumzo yake yote?

Sheria za nchi nazo zipo. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya kulinda taarifa za watu inayotumika tangu tarehe 25 mwezi wa tano mwaka 2018 inampa kila mtu haki ya kukataa kutafutwa kwa matangazo, na akikataa lazima aachwe. Ujerumani inakwenda mbali zaidi: kutuma tangazo kwa barua pepe bila idhini kunakatazwa hata kama anayepokea ni kampuni. Na programu nyingi za LinkedIn zinachota barua pepe za watu pia. Hapa nyumbani, Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023 imeweka masharti juu ya taarifa za watu binafsi. Anayekusanya majina na anwani za maelfu ya watu kwa programu ya kukodi hawezi kusema kwamba ni jambo lake la siri.

Butembo ilijengwa kwa jina

Mji wa Butembo unajua biashara ya mbali kabla ya intaneti. Serikali ilipodhoofika miaka ya 1990, na vita vilipofuata, wafanyabiashara wake waliendelea kuleta bidhaa kutoka Dubai, baadaye Hong Kong, Guangzhou na Jakarta, kontena zikipitia Mombasa na kuingia kwa Kasindi. Watafiti, akiwemo Mbelgiji Timothy Raeymaekers, wameandika vitabu na makala juu ya mji huo uliojijenga kwa biashara karibu bila msaada wa serikali. Kilichouwezesha ni jina. Mtu alikabidhi pesa zake kwa mwenzake anayesafiri kwa sababu alimjua, alijua familia yake, na alijua kwamba akidanganya hatapata tena mtu wa kushirikiana naye kontena. Mchina wa Guangzhou aliuza kwa mkopo kwa sababu aliyemleta mteja mpya alikuwa mteja wa zamani.

Kuna somo lingine, chungu, ambalo Beni na Butembo wamelipata kwa vifo. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua zaidi ya watu 2.200, habari za kujikinga zilikuwepo redioni na barabarani. Lakini uchunguzi uliofanyika mwezi wa tisa mwaka 2018 kwa watu 961 wa miji hii miwili, ukachapishwa katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa Ebola ipo. Walioiamini serikali ya mahali pao walikuwa kama theluthi moja tu. Ujumbe ulikuwa umewafikia. Hawakumwamini aliyeutuma. Kama neno la kuokoa maisha linaweza kukataliwa kwa sababu limetoka kwa mtu asiyejulikana, neno la kuuza magunia litakubaliwaje?

Mifano ya kakao ya Beni iliyofika mbali inasema hivyohivyo. Kampuni ya Theo Chocolate ya Seattle, Marekani, ilianza kununua kakao ya huku kupitia Eastern Congo Initiative, shirika lililoanzishwa mwaka 2010 na mwigizaji Ben Affleck na wenzake. Original Beans ya Ulaya inauza chokoleti yenye jina la Virunga. Mutwanga kwenyewe kuna kiwanda cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji wa hifadhi ya Virunga. Nyuma ya kila mmoja kuna watu waliojulishana na watu, mafunzo ya kuchachusha na kukausha kakao, na mtu wa kujibu maswali mwaka wa pili na wa tatu.

Mnunuzi anauliza nini?

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haitoshi kwa Beni, kwa sababu kakao nzuri ya Beni haiwezi kujiuza ikiwa inavuka Kasindi bila jina. Lazima itembezwe. Lakini anayeitembeza ajue mnunuzi anauliza nini, na maswali hayo yanabadilika.

Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya ukataji wa misitu inataka kila gunia la kakao au kahawa linaloingia kule lijulikane limetoka shamba gani, kwa alama za mahali zilizopimwa kwa satelaiti. Shamba la chini ya hekta 4 linahitaji alama moja. Kubwa kuliko hapo linahitaji mpaka wake wote. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa mara mbili, lakini wanunuzi wakubwa tayari wanajiandaa. Mnunuzi anataka pia kujua kama pesa zake haziendi kwa watu wenye silaha. Anataka kujua kakao imechachushwa siku ngapi, na kama unyevu hauzidi asilimia 8. Anataka karatasi za ONAPAC. Ujumbe wenye nafasi tupu ya jina hauna hata jibu moja kati ya hayo.

Kwa hiyo mashine ipewe kazi, lakini kazi yake. Iwekwe kwenye kupanga alama za mashamba, kutunza daftari la wakulima na kilo zao, kukumbusha kwamba mnunuzi fulani aliomba sampuli na tarehe imefika, kutafsiri rasimu ya barua kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza ili mtu aisome tena kabla ya kuituma. Hizo ndizo saa nyingi zinazompotea muuzaji mdogo, na hapo mashine inamsaidia kweli bila kumsumbua mtu yeyote.

Neno la kwanza kwa mnunuzi liandikwe na mtu. Badala ya majina elfu moja, muuzaji atafute arobaini. Asome kila kampuni inanunua nini na kutoka wapi. Aandike barua tano kwa wiki, fupi, zenye jina la kijiji, idadi ya wakulima, tani zilizopo, mwezi wa mavuno na picha ya shamba lenyewe. Aseme nani anaweza kumthibitisha. Asipojibiwa, akumbushe mara moja tu, kisha aache. Akiambiwa hapana, ashukuru na aandike hapana hiyo kwenye daftari ili mwenzake asirudie. Kwa miezi miwili atakuwa amemaliza arobaini wake, na huenda wawili au watatu wakawa wanalijua jina lake hata kama bado hawajanunua. Huo ni mwanzo mdogo, lakini hauchomi mlango wa mtu mwingine.

Kazi hii isiachiwe vijana peke yao. Vyama vya ushirika vya kahawa kama Kawa Kanzururu, na vile vya kakao, vinaweza kuwa na ukurasa mmoja unaotunzwa vizuri, badala ya kila mwanachama kujitangaza kivyake kwa picha za kuazima. Shirikisho la makampuni, FEC, la Butembo na la Beni, linaweza kutunza orodha ya wauzaji wanaojulikana, ili mnunuzi akiuliza "mtu huyu ni nani?" apate pa kupiga simu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben na vyuo vingine vya mji vinaweza kufundisha kuandika barua ya biashara kwa Kiingereza, ujuzi ambao wanafunzi wengi wa uchumi wanamaliza masomo bila kuupata.

Watakaosema kwamba njia hii ni ya polepole wanasema kweli. Lakini barabara ya Kasindi kwenda Beni nayo ni ya polepole, na hakuna aliyewahi kupeleka kontena kwa kuruka mlima. Mkulima wa Watalinga akipanda mche wa kakao, anangoja miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna. Anayeuza jasho la mtu huyo anaweza kungoja miezi miwili na kuandika barua arobaini kwa mkono wake. Akishindwa hata hilo, basi asitumie jina la Beni kwenye ujumbe wake.